Mrija wa Maji ya Ubongo na Miwani ya Kumwongoza Daktari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na ndugu wa wagonjwa kwenye mabenchi ya nje ya ICU hapa Dar es Salaam, hasa tangu video za madaktari waliovaa miwani ya kompyuta zianze kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Machache yametoka kwa wanafunzi wa uuguzi na udaktari. Majibu ni ya kukusaidia uelewe unachoambiwa. Uamuzi kuhusu mgonjwa wako unabaki kwa daktari anayemtibu.

Huu mrija unawekwa kwa nini hasa?

Ubongo hutengeneza maji yake wenyewe, karibu nusu lita kwa siku kwa mtu mzima. Yanayokuwepo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu, kwa hiyo kwa siku yanatengenezwa na kufyonzwa upya mara tatu hivi. Mengine huzunguka nje ya ubongo na kwenye uti wa mgongo, mengine hukaa ndani kwenye vyumba vinne vinavyoitwa ventrikali. Damu ikivujia humo, uvimbe ukibana njia, au maambukizi yakiziba, maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayana pa kutokea. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Presha inapanda, mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia kupita kiasi, na mwisho ukimwita haitiki.

Mrija wenyewe ni laini, una vitundu kwenye ncha, na hupitishwa kutoka sehemu ya mbele ya kichwa hadi ndani ya ventrikali. Unafanya kazi mbili: kupunguza maji na kupima presha. Kwa mtu mzima aliyelala, presha ya kawaida ni kama milimita 7 hadi 15 za zebaki. Kwa walioumia kichwa vibaya, mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa 2016 unataka matibabu yaanze ikizidi 22.

Mbona anatobolewa kitandani badala ya kupelekwa chumba cha upasuaji?

Kwa sababu ya muda. Mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia, mwenye pampu tatu za dawa, kumhamisha tu ni hatari, na chumba cha upasuaji huenda kina mtu mwingine mezani. Kitandani hakumaanishi kienyeji. Nywele hunyolewa sehemu ile, ngozi husafishwa, shuka za upasuaji hutandikwa, ganzi huchomwa, na kila aliye karibu huvaa barakoa na kofia. Ndiyo maana mnatolewa nje, hata kama mlikuwa mmekaa kimya.

Daktari anajuaje pa kupita, na ndani haoni?

Kwa alama za nje ya kichwa. Hili linawashangaza watu kuliko hata hiyo miwani.

Anaanza na kishimo kilicho kati ya macho, juu ya pua. Kutoka hapo anapima sentimita 10 au 11 kwenda nyuma kufuata katikati ya kichwa, kisha anaingia pembeni sentimita 2.5 hadi 3, mara nyingi upande wa kulia, kwa kuwa kwa watu wengi uwezo wa kusema unakaa kushoto. Anachora alama kwa kalamu ya ngozi. Anachana kidogo, anatoboa fuvu kwa keekee, kisha anausukuma mrija taratibu akilenga makutano ya mistari miwili: mmoja unaanzia kona ya ndani ya jicho la upande ule ule, mwingine unaanzia mbele ya sikio. Kwenye kina cha sentimita 5 au 6 hivi mkono husikia kitu kimeachia, na maji yanatoka. Yakitoka safi kama ya kunywa, au mekundu kwa aliyevuja damu, daktari anashusha pumzi.

Utaratibu huu umeokoa watu wengi mno na bado ndio unaotumika sehemu kubwa ya dunia. Shida yake ni kwamba vipimo vyote hivyo vinadhania kichwa cha wastani, chenye ventrikali zilizokaa mahali pake.

Kwa hiyo huwa wanakosea?

Huwa inatokea, ndiyo. Mwaka 2008 Kakarla na wenzake wa Phoenix, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 346 waliowekewa mrija kitandani kwa mkono mtupu, yaani kwa alama za nje tu bila kifaa cha kuongoza. Asilimia 77 mrija ulikaa pale hasa unapotakiwa. Asilimia 10 ulikaa pengine, lakini si sehemu nyeti. Asilimia 13 ulikaa vibaya. Ngazi zile tatu walizozipanga bado ndizo watafiti wengi wanazotumia kupima kazi hii hadi leo.

Mrija uliokaa si mahali pake haumaanishi mgonjwa amepotea. Mwingine hutoa maji vizuri tu. Kinachowaumiza vichwa madaktari ni idadi ya majaribio: kila mrija unapotolewa na kuingizwa tena, unapita njia nyingine kwenye ubongo, na kila njia inaweza kuvuja damu.

Sasa hiyo miwani inaonyesha nini?

Teknolojia yenyewe inaitwa uhalisia ulioongezwa. Tofauti na zile za michezo zinazokufunika macho, miwani hii ina vioo vya kuona nje. Daktari anamwona mgonjwa wake, anaona mikono yake, anamwona muuguzi aliyesimama na trei. Juu ya hayo, miwani inamchorea picha: ventrikali za mgonjwa huyo huyo zikionekana kama zinang'aa ndani ya kichwa, na mstari ulionyooka kutoka kwenye ngozi hadi shabaha.

Picha inatokana na CT scan, mashine inayopiga picha za kichwa vipande vipande kwa mionzi. Programu inazipanga zile picha za vipande na kujenga umbo la pande tatu: ngozi, fuvu, ventrikali. Daktari anaweka alama mbili kwenye kompyuta, pa kuingilia na pa kufikia, kisha programu inapima urefu na pembe. Anapovaa miwani anauona mstari ule ukiwa umesimama hewani juu ya kichwa, na kazi yake ni kuulaza mrija juu ya mstari na kuufuata.

Inavyosimuliwa inaonekana rahisi. Ugumu wote uko kwenye swali linalofuata.

Miwani inajuaje kichwa kiko wapi?

Hapa ndipo mfumo unapofaa au unapoharibika. Picha ya CT ni ya mtu aliyelala kwenye mashine, pengine saa tatu zilizopita. Mgonjwa aliye mbele yako amelazwa vingine, kichwa kimegeukia kushoto kidogo, ana mrija wa kupumulia mdomoni na plasta shavuni. Lazima picha ikalishwe juu ya kichwa halisi kwa usahihi wa milimita.

Njia ziko kadhaa. Kuna vibandiko vinavyowekwa kwenye ngozi kabla ya CT, ili vionekane kwenye picha na kwa kamera za miwani pia. Kuna kugusa sehemu za uso kwa kalamu maalumu, pua, kona za macho, paji, mpaka programu iutambue uso. Kuna kamera zinazosoma umbo lote la uso kwa mpigo. Mifumo ya mwanzo ilimtaka daktari aisogeze picha kwa vidole vyake hewani hadi ionekane imekaa, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa ni kuhamisha kubahatisha kutoka mkononi kwenda jichoni.

Uso uliovimba baada ya ajali unaivuruga njia yoyote inayotegemea ngozi. Plasta na mirija nayo inaziba alama.

Na mgonjwa akitikisika?

Kwenye upasuaji mkubwa kichwa hubanwa kwa kifaa chenye misumari mitatu, hakisogei hata kidogo. Kitandani hakuna kifaa hicho. Kwa hiyo mfumo unaofaa kwa kazi hii hufunga alama kwenye kichwa chenyewe, ili kichwa kikisogea picha isogee nacho. Mfumo usiofanya hivyo utaendelea kuonyesha mstari mzuri, unaong'aa, mahali ambapo kichwa kilikuwa. Mwanafunzi wa udaktari anayesoma hapa, hilo ndilo la kuuliza kwanza mtu akija kukuonyesha mfumo wake: nikimgeuza mgonjwa kidogo, picha inafanya nini?

Tena kuna macho yenyewe. Nyingi ya miwani hii imetengenezwa ili jicho lione picha vizuri kwenye umbali wa mita 2 hivi, wakati mikono ya daktari iko kwenye nusu mita. Jicho linavutwa huku na huku. Na kwa kuwa mchoro unatokea juu ya kila kitu, hata juu ya vidole vya daktari, kupima kina kwa jicho kunadanganya. Ndiyo sababu alama za sentimita zilizochapwa kwenye mrija wenyewe bado zinasomwa, miwani iwepo isiwepo.

Ubongo nao si unaweza kuhama?

Unahama. Damu iliyojaa upande mmoja huusukuma ubongo kwenda upande wa pili, na ventrikali hubanwa zikabaki kama ufa. Kwa wagonjwa hawa vipimo vya mkononi hukosea zaidi, na ndio miwani ingewafaa zaidi, kwa sababu inalenga ventrikali ya mtu huyo badala ya ventrikali ya wastani. Lakini damu ikiongezeka baada ya CT, picha imeshapitwa na wakati. Miwani haioni ndani ya kichwa. Inaonyesha kilichopigwa picha.

Kwa ventrikali zilizojaa maji na kutanuka pande zote mbili, mkono uliozoea hauhitaji mapambo.

Kuna ushahidi kwa wagonjwa halisi, au ni kwa vichwa vya plastiki tu?

Majaribio mengi yamefanywa kwenye vichwa vya plastiki na maiti. Kwa wagonjwa yapo machache. Utafiti unaotajwa sana ni wa madaktari wa China, uliochapishwa mwaka 2018 kwenye Journal of Neurosurgery, wakitumia HoloLens, miwani ya aina hii ya kampuni ya Microsoft, kwa wagonjwa 15. Ncha ya mrija ilikosea shabaha kwa wastani wa milimita 4 na kidogo, dhidi ya milimita 11 kwa waliowekewa kwa mkono mtupu. Wastani wa majaribio ulishuka kutoka zaidi ya mawili hadi karibu moja.

Namba nzuri. Ila soma na hii: maandalizi yaliongeza kama dakika 40. Mgonjwa ambaye mboni ya jicho moja imeanza kupanuka, dalili kwamba ubongo unabanwa vibaya, hana dakika 40. Mifumo ya baadaye imeandaliwa kukata muda huo, na programu zinazochora ventrikali zenyewe bila mtu kuzichora kwa mkono zimesaidia sana. Hata hivyo wagonjwa 15 ni wachache mno kukuambia nani alipona na nani hakupona.

Tumekuja na CT kutoka hospitali nyingine. Inafaa?

Inategemea umekuja na nini. Ile filamu nyeusi kwenye bahasha kubwa ya kaki, daktari ataisoma akiiinua kwenye mwanga, na kwa kuamua kama mrija unahitajika inatosha. Kwa miwani haifai kabisa. Kompyuta inataka data yenyewe, kwenye CD, flashi au mtandao wa hospitali, na vipande viwe vyembamba, kama milimita 1. Vikiwa vya milimita 5, umbo linalojengwa linatoka na ngazi ngazi.

Hata bila habari ya miwani, omba CD unapotoka kwenye kituo cha kwanza. Nimeona familia imelipia CT mara ya pili siku hiyo hiyo kwa sababu filamu ilisahaulika kwenye Bajaji. CD nayo husahaulika, lakini aliyeitengeneza bado ana data kwenye mashine.

Je, niombe mgonjwa wangu ahamishwe kwenda kwenye miwani?

Hapana. Kinachookoa ni mrija kuingia mapema kwa mkono wa mtu aliyezoea. Kwa hospitali za umma hapa Dar, wagonjwa wa upasuaji wa ubongo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 na iko ndani ya eneo la Muhimbili, Upanga. Ukiambiwa mgonjwa apelekwe huko, apelekwe. Foleni ya Barabara ya Mandela ni adui mkubwa wa ubongo kuliko kukosekana kwa miwani.

Je, miwani inazuia maambukizi?

Haizuii moja kwa moja. Wadudu huingia kwenye tundu la ngozi, kwenye maungio ya mrija, na kila mfumo wa mrija unapofunguliwa. Kuna hoja kwamba majaribio machache na mrija usiohitaji kubadilishwa hupunguza nafasi hiyo, na inaingia akilini. Lakini mikono isiyonawa itaharibu kazi ya miwani ya bei yoyote. Ukiona muuguzi anakataa kuufungua mrija bila sababu, usimwite mvivu.

Mtoto wetu ana kichwa kikubwa. Miwani itamsaidia?

Kwa mtoto mchanga kuna kitu bora na rahisi. Utosi bado uko wazi, kwa hiyo ultrasaundi inapita na daktari anaziona ventrikali hapo hapo, jinsi zilivyo dakika hiyo, bila mionzi. Na watoto wengi wenye kichwa kikubwa hawahitaji mrija wa nje wa muda. Wanahitaji shanti, inayopeleka maji tumboni chini ya ngozi, au upasuaji wa kamera unaofungua njia mpya ndani. Mtoto akiwa na kichwa kinachokua haraka, macho yanayotazama chini, au mgongo wazi, wahi kliniki. Usisubiri kichwa kiwe kizito kumshinda kukiinua.

Bei ya miwani?

HoloLens 2 ilitoka mwaka 2019 kwa dola 3,500 za Marekani, programu ya hospitali ikilipiwa mbali. Microsoft ilisitisha uzalishaji wake mwaka 2024. Hospitali inayonunua mfumo wowote iulize mapema: kifaa kikiachwa na aliyekitengeneza, programu itahamia kwenye miwani ya kampuni nyingine au itabaki kabatini? Tuna makabati ya kutosha yenye mashine za msaada ambazo betri yake haiuzwi popote Kariakoo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi?

Miwani ina betri ya saa mbili au tatu kwa matumizi ya kawaida, na picha ikishapakiwa intaneti si lazima. Lakini jibu lenye maana ni hili: daktari anayeitumia awe anaweza kuivua na kuendelea na alama za sikio na jicho. Asiyeweza, asianze.

Kamera za miwani zinamrekodi mgonjwa?

Zina uwezo huo. Zinahitaji kamera ili zijue zilipo, na zinaweza kuhifadhi video. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Una haki ya kuuliza kama inarekodiwa, inatunzwa wapi, na kama itatumika kufundishia. Kukubali matibabu na kukubali kupigwa video ni ridhaa mbili tofauti, hata kama karatasi ni moja.

Mrija umeshawekwa. Sisi ndugu tufanye nini?

Hapa ndipo ninapowaomba msome taratibu, maana mengi yanayoharibika huharibika baada ya daktari kuondoka.

Mrija unaishia kwenye chupa yenye vipimo, imetundikwa kwenye stendi pembeni ya kitanda. Urefu wa chupa ile umepangwa kwa makusudi kulingana na tundu la sikio la mgonjwa. Ni kanuni ile ile ya mpira wa kunyonyea mafuta kwenye dumu: ukishusha upande mmoja, yanakimbia. Ukiinua kichwa cha kitanda ili bibi aone mlango vizuri, umebadilisha tofauti ya urefu bila kujua. Kichwa kikipanda kuliko chupa, maji yanatoka mengi kwa haraka, ventrikali zinasinyaa, na mishipa midogo juu ya ubongo inaweza kuchanika. Kikishuka, maji hayatoki na presha inarudi.

Kila siku kuna mpwa mwenye huruma anayetafuta kitufe cha kuinua kitanda, na kila siku muuguzi anamwambia, "Kaka yangu, niite mimi, usiguse." Kabla ya kumgeuza, kumkalisha au kumpeleka CT, muuguzi hufunga koki ya mrija, anafanya kazi, anapima urefu upya, kisha anafungua. Ukiona amesahau kufungua, mwambie. Hakuna muuguzi mwenye akili timamu atakayechukia.

Mwite mara moja ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, yameacha kabisa kushuka, bandeji ya kichwa imelowa, au mgonjwa aliyekuwa anajibu ameacha kujibu. Mgonjwa anayeanza kuzinduka hupeleka mkono kichwani. Mshike mkono, zungumza naye. Akiung'oa mrija, usijaribu kuurudisha. Bana pale panapotoka maji kwa gozi safi na upige kelele ya kuita msaada.

Unatolewa lini?

Maji yakiwa yanapungua na damu imesafika, daktari huipandisha chupa kidogo kidogo au huufunga mrija kwa muda na kuangalia presha na fahamu. Mgonjwa akivumilia, hupigwa CT nyingine, mrija unavutwa pale pale kitandani, na tundu hushonwa nyuzi moja au mbili. Asipovumilia, ndipo mtakapoitwa kuzungumzia shanti.